Namba Yangu Kwenye Kadi za Wagonjwa

Somoe mwanangu,

Mama yako ameshakufungia unga wa muhogo na mizizi ya ming'oko, na ya chandarua, ya maji ya kunywa na ya kukaa vizuri na wenye nyumba amekueleza yote. Hayo sitayarudia. Naandika mchana huu hapa dukani kwa kuwa nyinyi wawili mmekwenda Kitangari kumuaga bibi yako, na mkirudi nyumba itajaa watu. Nitaiweka barua hii chini kabisa ya begi lako. Uikute ukishafika Masasi, usiisome kwenye basi. Tangu Ijumaa nimetaka kukuambia haya kwa mdomo, nimeshindwa.

Ijumaa tulipokuwa tunakula ulitueleza kazi uliyopewa. Ulisema utakaa dirishani pale kliniki, na kila mgonjwa anayetumia dawa za muda mrefu utamwandika kwenye kompyuta pamoja na namba yake ya simu, ili siku yake ya kurudi ikikaribia apate ujumbe wa kumkumbusha. Ukasema wenzako waliotangulia wamekueleza kwamba watu wanakataa. Mtu ana simu mfukoni, inaita mnaisikia wote, anakwambia hana simu. Ukacheka. "Baba, watu wetu ni wagumu hawa. Wanaletewa kitu cha kuwasaidia hadi miguuni, wanakiruka." Mama yako akanitazama. Mimi nikainama nikaendelea kula, ukadhani sikusikia.

Nilisikia. Hapa kijijini kwetu watu walianza kukataa kwa sababu yangu, na ni haki yako kujua kabla hujakaa kwenye kiti hicho.

Wewe ulikuwa na miaka sita au saba. Soko huria lilikuwa limeshapanda hadi huku juu mlimani kwetu. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wanakuja na malori yao mpaka kijijini, wakigombania mzigo, na msimu mmoja nikauza vizuri kuliko nilivyowahi kuuza. Kampuni za simu nazo zilikuwa zinasimamisha minara. Nikashuka Masasi, nikarudi na simu. Ilikuwa ya kwanza hapa kwetu, na mtandao haukushika popote isipokuwa kwenye nguzo moja ya baraza la duka hili, ile iliyo upande wa barabara ya Mnyambe. Nilipigilia msumari nikaitundika hapo. Aliyetaka kuongea alisimama ameegemea nguzo, na akisogea hatua moja sauti inapotea. Niliichaji kwa betri ya gari. Watu wakaacha kuniita Baba Somoe, wakaniita Baba Simu. Nilijifanya silipendi jina hilo. Nililipenda sana.

Kulikuwa na muuguzi mmoja kwenye hospitali ya wilayani kwetu, kliniki ya kifua, mwanamke aliyeipenda kazi yake. Aliona watu wa vijijini wanatoa makohozi yapimwe, wanaambiwa wafuate majibu wiki inayofuata, na wengi hawaonekani tena, maana kwenda na kurudi ni siku nzima, na shamba lina kazi, na maji yanatakiwa kuchotwa. Akaanza kuwauliza kama kwao yupo mtu mwenye simu. Wa kijiji chetu wote walisema yupo Baba Simu. Basi namba yangu ikaandikwa kwenye kadi zao.

Ujumbe ukifika nilisimama hapa barazani nikaita kwa sauti. "Mama fulani! Majibu yako tayari, hospitali wanakuhitaji!" Nilikuwa kama natangaza harusi. Watu walinishukuru, mmoja aliniletea kuku. Nataka uliweke hili akilini, Somoe. Mwanzoni walikubali. Hakuna aliyekuwa mgumu.

Zainabu, mama yake Salumu, alikuwa mke wa Bakari, yule ambaye shamba lake linapakana na letu. Pengine unamkumbuka, alikuwa anakusuka nywele. Alikuwa Mmakua wa upande wa Masasi, Bakari alimwoa akamleta huku juu, na hapa hakuwa na ndugu hata mmoja. Msimu ule alikohoa tangu korosho za kwanza zinaanguka mpaka tunakaribia kumaliza kuokota. Mama yako ndiye aliyemshawishi aende hospitali, akamsindikiza mwenyewe. Zainabu alikwenda amembeba mgongoni binti yake mdogo, Rehema, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Siku ya nne ujumbe ukaingia. Mpaka leo naukumbuka wote: ZAINABU WA BAKARI AJE HARAKA. MAJIBU YA MAKOHOZI NI KIFUA KIKUU. AANZE DAWA. AJE NA WATOTO WOTE WAPIMWE.

Zainabu alikuwa amekwenda bondeni kuchota maji. Ilikuwa kiangazi bado, na unajua bonde lile, ukishuka asubuhi unarudi jua linazama. Ningeweza kumngoja. Ningeweza kumwambia mama yako amfikishie. Lakini Bakari alikuwa amekaa hapo hapo barazani anacheza bao na wenzake wawili, na mimi nilielewa kwamba habari ya mke ni ya mume. Ndivyo nilivyolelewa. Na zaidi ya malezi, nilipenda kuonekana mtu anayepata habari kabla ya wengine. Nikasema, "Bakari, majibu ya mkeo haya hapa." Nikasoma yote, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya wale wawili.

Bakari akainamia bao. Mmoja wa wale wenzake akaweka chini kete alizokuwa ameshika, akasogea pembeni kidogo kwenye mkeka. Siku zile ukitaja kifua kikuu, watu wanasikia lile gonjwa jingine lisilotajwa. Nilimwona alivyosogea. Nikajiambia hayo ni yao, mimi nimefikisha.

Asubuhi yake Zainabu hakuwepo. Bakari alimdanganya kwamba zimekuja habari kutoka kwao, mama yake mzazi anaumwa, aende akamuuguze. Akampandisha kwenye lori la korosho lililokuwa linashuka Masasi, yeye na Rehema. Salumu alibaki kwa baba yake. Wiki iliyofuata talaka ikamfuata huko huko. Kijiji kizima kilijua Zainabu anaumwa nini na kwa nini ameachwa. Asiyejua alikuwa Zainabu peke yake.

Zikapita kama siku kumi, simu ikaita. Sauti ya mwanamke.

"Naongea na Baba Simu?"

"Naam, ndiye mimi."

"Habari za huko, baba? Napiga kutoka hospitali. Ujumbe wetu ulimfikia Zainabu?"

Nikasema, "Ulimfikia."

"Mbona hatujamwona?"

"Amesafiri kwao. Nadhani atatibiwa huko huko."

"Haya baba. Ahsante sana kwa msaada wako."

Akanishukuru. Lile la kumsomea Bakari naweza kukuambia lilikuwa ujinga wa mtu aliyelelewa hivyo. Hili la simu halikuwa ujinga. Niliulizwa jambo jepesi na mtu ambaye hata uso wangu haujui, nikasema uongo, kwa sababu ukweli ungenishusha. Nilipokata simu niliingia dukani nikaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mvua zikaanza. Miezi miwili baada ya Zainabu kuondoka, simu ikaita tena. Mimi nilikuwa shambani napalilia, akapokea mama yako. Nikamwona anakuja kwenye matope, kanga kichwani, hatua za mtu aliyekasirika.

"Baba Somoe, yule muuguzi anasema ulimwambia Zainabu alipata ujumbe."

"Ndiyo."

"Aliupata kwa nani?"

Nikaendelea kupalilia.

"Nakuuliza, aliupata kwa nani? Mimi niliposikia wanawake wanasema Zainabu ana kifua kikuu nilijua yeye ameshaambiwa, nikajua ameondoka na habari yake. Kumbe hakuambiwa?"

"Nilimwambia mume wake."

Mama yako akalishika jembe langu. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyempeleka. Mimi ndiye niliyemwambia, majibu yakitoka Baba Somoe atakuita. Utakwenda kumwambia."

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii."

Nilishuka kesho yake. Lori lilikwama mara mbili kwenye mteremko, tukateremka kusukuma. Kwao Zainabu ni kijiji kilicho mbele kidogo ya Masasi mjini, chini ya yale majabali. Nilimkuta amekaa barazani kwa mama yake, ambaye hakuwa mgonjwa wa kitu chochote, na ndiye aliyenipokea. Zainabu alikuwa amekonda hata mikono nikaiona ni mirefu. Aliponiona akataka kusimama kwa heshima, kikohozi kikamkalisha.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba. Rehema yuko wapi?"

"Rehema tumemzika," akasema. "Leo wiki ya tatu. Alikuwa na homa na kikohozi."

Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga njia nzima. Yote yaliniishia. Nilitoa pole, nikakaa chini, nikatoa simu. Ule ujumbe nilikuwa sijaufuta, sijui kwa nini. Nikamsomea, maana Zainabu hakujua kusoma.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, taratibu tu, "Huo uliingia lini?"

"Siku moja kabla hujaondoka."

"Siku niliyokwenda bondeni?"

"Siku hiyo."

"Nani aliusoma?"

"Mimi."

"Halafu nani?"

"Nikamsomea Baba Salumu."

"Mlikuwa peke yenu?"

Nikawataja wale wawili wa bao.

"Halafu nani?"

"Halafu watu wote, Zainabu."

"Mimi ni wa ngapi?"

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji aliyokuwa ananiletea, akabaki nalo mkononi.

Zainabu akasema, "Hebu soma tena pale pa watoto."

Nikasoma. Aje na watoto wote wapimwe.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani.

Rehema hakupimwa na mtu yeyote, kwa hiyo hakuna anayejua alikufa kwa nini. Watoto wengi huwa na homa mvua zinapoanza. Siwezi kukuambia kwamba ni mimi, na siwezi kukuambia kwamba si mimi. Nimejaribu kuyasema yote mawili kwa miaka hii, na hakuna hata moja lililokaa.

Nililala kwa mjomba wa Zainabu, na asubuhi nikawafuata hospitali ya Masasi, Zainabu, mama yake, na kaka yake aliyekuwa anamshika mkono. Nilibaki nyuma yao, hawakunifukuza wala hawakunisemesha. Pale dirishani, baada ya kupimwa na kuandikiwa dawa, mhudumu akamuuliza, "Dada, una namba ya simu, yako au ya jirani, tukupate ukichelewa?" Kaka yake alikuwa na simu, imening'inia kiunoni kwenye mkanda. Zainabu hakumtazama. Akasema, "Sina. Niandikieni siku kwenye karatasi." Yule mhudumu akaiona ile simu, akapandisha mabega, akaandika.

Sasa unaelewa kwa nini niliinama Ijumaa. Wewe ulipokuwa unacheka, mimi nilikuwa naiona ile foleni. Naamini yule mhudumu naye alikwenda kula mchana akawaambia wenzake kwamba watu hawa ni wagumu.

Niliporudi nilimfuata Bakari, nikamwambia amemtupa mtu mgonjwa wa kitu kinachotibika, na mtoto wake amekufa. Alilia. Kisha akaniambia, "Wewe ndiye uliyenisomea." Ni kweli, nilimsomea. Salamu tunapeana mpaka leo, lakini hatujawahi kukaa mkeka mmoja tena.

Habari zikaenea, na watu wakaanza kuiondoa namba yangu kwenye kadi zao. Hawakuniambia. Niliambiwa na yule muuguzi, alipiga siku moja akauliza, "Baba, mbona watu wa kwenu wanakuja mmoja mmoja wanasema nifute namba?" Safari hii nikamweleza yote, mpaka lile la kumdanganya yeye mwenyewe. Kisha akasema, "Na mimi sikuwauliza hata siku moja kama wanataka wewe ndiye usome." Hakutukana. Ningependelea atukane.

Mwaka ukapita na mwingine, na hata wengine walipoanza kununua simu zao, wakiulizwa hospitali walisema hawana. Aliyenirudia wa kwanza ni Bibi Hadija, yule mjane wa nyumba ya bati jipya, mgonjwa wa presha. Miguu ilikuwa imeanza kukataa, na kwenda bure kisha kuambiwa dawa hazijafika kulimchosha. Alikuja dukani, akangoja wateja waishe.

"Nataka kuacha namba yako hospitali," akasema. "Lakini kwa masharti yangu."

"Nakusikiliza, bibi."

"Ukipata ujumbe wangu usiniite. Uje nyumbani kama mtu anayeomba moto. Ukinikuta peke yangu, unisomee. Ukinikuta na mtu, hata awe mwanangu, chukua moto uende zako, uje tena baadaye. Ukishanisomea, ufute nikiona. Na siku nikichoka nikasema sitaki tena, usiniulize sababu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Rudia."

Nikarudia kama mtoto wa madrasa. Nilikwenda kuomba moto kwa Bibi Hadija mara nyingi mno, mpaka mkwe wake akaniuliza mbele za watu kama hapa dukani kwangu viberiti vimekwisha. Nikasema vimelowa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Baada ya mwaka hivi akaja mwanamke mwingine, naye na masharti yake, si yale ya bibi. Huyu alitaka nimpe ujumbe mume wake, kwa kuwa yeye mwenyewe anasahau. Mwingine alitaka neno hospitali lisitajwe, nimwambie tu kwamba mzigo wake umefika. Nilikuwa nimedhani siri ni kitu kimoja kwa watu wote. Kumbe kila mtu ana anayemwogopa wake.

Wewe umesoma, una vyeti, na kompyuta hiyo mimi siijui hata kuiwasha. Sitajifanya kukufundisha kazi. Nakwambia tu ninavyowajua watu wa mbele ya dirisha, maana nimewahi kukaa upande wa pili na kuwaharibia. Anaposema hana simu, mara nyingi anafikiri simu ile hulala kwa nani, nani huishika akiwa bondeni, ujumbe ukilia saa ya chakula nani ataufungua. Anajiuliza pia kama akikataa kutoa namba, dawa atapewa, na hilo hatakuuliza, kwa sababu anaogopa ukikasirika hatapata. Mwambie kabla hajauliza. Kuna mwanamke mmoja alinieleza kwamba alitoa namba ya uongo miezi yote ya dawa kwa sababu tu aliogopa kusema sitaki. Hospitali ilikuwa inamkumbusha mtu mwingine kabisa.

Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, jina la huyu utalituma kwa yule au utamwita mtu kwa sauti mbele ya jirani yake, na mkubwa wako akakuuliza kama mambo yalikwenda sawa, sema hayakwenda sawa. Sema siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa miezi miwili, na katika miezi hiyo Rehema alikuwa hai sehemu kubwa.

Mama yako anajua naandika nini. Alisema nisikuandikie hili la mwisho, nikamwambia nitakuandikia.

Zainabu yuko Masasi. Alipona, ingawa nasikia jembe hawezi kulishika muda mrefu, pumzi zinamwishia. Aliolewa tena na ana watoto wengine. Salumu huwa anashuka kumwona sikukuu. Nilikwenda mara moja kumwomba radhi, akanisikiliza, akaniambia safari njema. Sikujibiwa zaidi ya hapo, na si haki yangu kudai jibu. Kliniki yako ndiyo iliyo karibu na anapokaa, kwa hiyo iko siku atasimama dirishani, kwa ajili yake au kwa ajili ya mtoto. Wewe umekua, hatakutambua. Usimtafute, wala usiniombee msamaha kwake. Mpe shikamoo, mhudumie kama wengine. Akikuuliza wewe ni binti wa nani, mtajie jina langu lote. Na akikwambia hana simu, hata kama unaiona mkononi mwake, usibishane naye. Chukua karatasi, mwandikie siku yake ya kurudi, kisha inama umsomee polepole, asikie yeye kwanza.

Ni mimi baba yako,
Mfaume Issa Likumbo